Mwenzangu Ameondoka, Deni la Kodi Limebaki Mlangoni Kwangu

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa na karatasi mbili mezani. Ya kwanza ni mkataba wa upangaji wa miezi 12, ambao mimi na mwenzangu tuliutia saini siku moja, kwenye ukurasa mmoja. Ya pili ni barua ya mwenye nyumba inayodai malimbikizo ya kodi ya miezi miwili na nusu, na kunipa siku 14 niwe nimelipa au nihame. Kinachoniuma ni kwamba kwa hesabu zangu sidaiwi chochote, kwa sababu tangu tuingie katika nyumba hii sijawahi kuruka hata mwezi mmoja bila kutoa sehemu yangu.

Mimi na mwenzangu tulifahamiana tukiwa wanafunzi, na tulipoanza kazi, kila mmoja mahali pake, tukaona ni afadhali tuchange kodi ya nyumba yenye vyumba viwili kuliko kila mtu ahangaike peke yake. Tulikubaliana kugawana nusu kwa nusu, na ile amana ya kodi ya mwezi mmoja ambayo mwenye nyumba aliitaka mwanzoni tuliichanga vivyo hivyo. Kwa kuwa mwenye nyumba hakupenda kupokea fedha vipande vipande, tulipanga kwamba mimi nimtumie mwenzangu nusu yangu kila tarehe 28, naye aongeze yake na kutuma kodi kamili kabla ya tarehe 3. Mpango huo hatukuuandika popote. Miezi mitano ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, nami nikazoea, hata nikaacha kuulizia risiti.

Mwezi wa sita wa mkataba alipoteza kazi. Sikujua, kwa maana aliendelea kuamka saa ileile, kuvaa na kutoka kama kawaida. Mwezi huo na uliofuata alimtumia mwenye nyumba nusu yangu tu, akamwomba amvumilie kwa iliyobaki. Mwezi wa nane hakutuma kitu chochote. Nusu yangu aliipokea, na kumbukumbu ya muamala ninayo, lakini haikumfikia mwenye nyumba. Tarehe 5 ya mwezi huo nilimwandikia ujumbe kumuuliza, "Kodi imeshakwenda?" akanijibu kwa neno moja: "Tayari." Neno hilo nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyousoma mkataba wenyewe.

Mwezi wa tisa, yaani mwezi huu, mwenye nyumba alinipigia simu mimi kwa mara ya kwanza, ndipo nikayajua yote. Siku hiyohiyo nilimlipa moja kwa moja nusu yangu ya mwezi huu. Jioni nilikaa na mwenzangu, akalia, akaniomba radhi, akaahidi kwamba mwisho wa wiki ataanza kulipa. Mwisho wa wiki ulipofika nilirudi kutoka kazini nikakuta funguo zake juu ya meza, na chumbani mwake kumebaki kitanda, kabati, runinga na mafurushi mawili ya nguo. Nilipomtafuta aliniandikia kwamba yuko kwao, hana kitu, na atalipa akipata. Nami, kwa hasira iliyochanganyika na huruma, nikamjibu, "Usijali, tutaona." Siku mbili baadaye mama yake alinipigia, akaniita mwanangu, akaniomba nisimfikishe binti yake mbali. Habari ya fedha hakuigusa kabisa.

Mwenye nyumba anasema habari za nani alimpa nani nini hazimhusu. Je, ni kweli kwamba ninapaswa kulipa deni lisilo langu? Nikilipa, fedha zangu nitazipataje? Je, ninaweza kuiuza runinga na kitanda ili nipunguze mzigo? Na je, ni uungwana kumpeleka mahakamani mtu ambaye tumeishi kama ndugu? Mkataba umebakiza miezi mitatu, na kodi nzima siimudu peke yangu.

Wako,
Niliyebaki na Funguo Mbili

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa yaliyokufika.

Nianze na jibu ambalo hutalipenda, kwa sababu siku 14 ulizopewa hazikungoji uzoee habari mbaya taratibu. Ikiwa mkataba ni mmoja, mmetia saini wote wawili, na ndani yake hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila mmoja atalipia sehemu yake tu, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mbele ya mwenye nyumba deni hilo ni lako pia, na ni lako lote, wala si nusu yake. Mikataba mingi ya namna hii ina kifungu kinachosema kwamba wapangaji watawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake." Maneno hayo husomwa haraka siku ya kutia saini, lakini maana yake ni nzito: mwenye nyumba anaweza kuidai kodi yote kutoka kwa yeyote kati yenu, na kwa kawaida humfuata yule anayepatikana na mwenye kipato. Wewe unapatikana na una kazi. Hakukuchagua kwa kukuonea.

Hata hivyo, usilipe kabla ya kuusoma mkataba huo neno kwa neno, kwa kuwa sheria hazifanani kila mahali. Sheria ya madai ya Ufaransa, kwa mfano, haidhanii kwamba wadaiwa wanabebana, yaani kwamba kila mmoja anaweza kudaiwa deni zima. Ni lazima sheria au mkataba useme hivyo. Ya Ujerumani inasema kwamba wadaiwa wanaobebana, wanapofika kwenye hesabu zao wenyewe kwa wenyewe, hugawana sawasawa isipokuwa kama imeamuliwa vinginevyo. Kwingineko saini mbili kwenye mkataba mmoja zinaweza kutosha kuwafunga wote kwa deni zima. Na kama mngekuwa na mikataba miwili, kila mtu na chumba chake, ningekuandikia jibu tofauti kabisa. Kwa hiyo tafuta kifungu kinachohusu wajibu wa kulipa kodi, kipige picha, kisha kama eneo lenu lina ofisi ya msaada wa kisheria au chama cha wapangaji, kipeleke huko kabla hujasaini karatasi nyingine yoyote. Mtu anayezijua sheria za mahali ulipo anaweza kukuambia kwa dakika chache jambo ambalo mimi, nikiwa mbali, siwezi kukuhakikishia.

Sasa niseme jambo ambalo naona ndilo kiini cha barua yako. Unaandika kama kwamba kuna deni moja, na swali ni la nani. Madeni ni mawili. La kwanza ni lenu ninyi wawili kwa mwenye nyumba, nalo linaongozwa na karatasi mliyosaini. La pili ni la mwenzako kwako, nalo linaongozwa na makubaliano yenu ya mdomo, kumbukumbu za miamala na jumbe za simu. Mwenye nyumba anaposema kwamba habari za nani alimpa nani nini hazimhusu, anazungumzia deni la kwanza, na hapo yuko sahihi. Wewe unaposema hudaiwi chochote, unazungumzia deni la pili, na wewe pia uko sahihi. Ndiyo maana mnaongea na hamsikilizani. Sheria za nchi nyingi humpa mdaiwa aliyelipa zaidi ya sehemu yake haki ya kumdai mwenzake kile alichomlipia, kwa hiyo kumlipa mwenye nyumba si kukiri kwamba ulikula kodi. Watu watakuambia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nami nakubali, ila hapa kuna wagonjwa wawili, na mmoja ametoroka wodini.

Hebu tufanye hesabu yako kwa utaratibu, kwa maana barua yako imeniachia kila kitu ninachohitaji. Mwezi wa sita imepungua nusu, nayo ni ya mwenzako. Mwezi wa saba, nusu nyingine, ya mwenzako. Mwezi wa nane imekosekana kodi nzima: nusu moja ni sehemu ambayo mwenzako hakuilipa, na nusu ya pili ni fedha yako wewe, uliyomkabidhi aifikishe naye hakuifikisha. Mwezi wa tisa imepungua nusu, nayo ni yake. Jumla ni kodi ya miezi miwili na nusu, sawa kabisa na anavyodai mwenye nyumba, na yote chimbuko lake ni mwenzako. Hilo ni jambo jema kwako, kwa sababu mara nyingi katika mashauri ya namna hii hesabu za pande mbili hazikutani, na watu hupoteza wiki nzima wakibishana juu ya mwezi mmoja. Zako zinakutana.

Lakini angalia hiyo nusu ya mwezi wa nane kwa jicho la pekee. Zile nusu nne nyingine ni za mtu aliyeshindwa kutoa fedha yake mwenyewe, na mtu asiye na kazi anaweza kushindwa. Nusu hii moja ni ya mtu aliyepokea fedha ya mwenzake kwa kazi maalumu, akaitumia kwa jambo lingine, kisha akaulizwa na kujibu "Tayari." Kuna nchi ambako jambo hilo linaweza kuhesabiwa kuwa kosa la jinai na si deni tu. Ninakuambia hivyo ili ulijue uzito wake, lakini nakuomba usilitumie kama rungu. Usimwandikie kwamba asipolipa kufikia siku fulani utampeleka polisi, kwa maana kumtishia mtu kwa mashtaka ili atoe fedha kunaweza kukugeuza wewe kuwa mkosaji. Ukiona ni la kupeleka polisi, lipeleke bila kulifanyia biashara. Maoni yangu ni kwamba njia ya madai inatosha, na kwamba lile neno moja, pamoja na kumbukumbu ya muamala uliotangulia, lina nguvu kuliko maelezo marefu utakayoyatoa mbele ya hakimu. Linakili mahali pengine leo hii. Piga picha ya mazungumzo yote kuanzia mwezi wa sita, tarehe zionekane, uzihifadhi nje ya simu yako.

Nenda kwa mwenye nyumba kabla siku 14 hazijaisha, na usiende kumsimulia habari za mwenzako. Nimewaona wapangaji wengi wakitumia kikao chote kulalamika juu ya mtu asiyekuwapo, kisha wakatoka bila kupanga chochote. Mwombe kwanza mchanganuo wa deni kwa maandishi, mwezi kwa mwezi, ukionyesha kilichopokelewa na kilichobaki. Angalia kama ameongeza faini ya kuchelewa, na kama ameongeza, uone ndani ya mkataba ilipoandikwa. Faini isiyokuwa kwenye mkataba una haki ya kuihoji. Kisha mpe pendekezo la kulipa kwa awamu, na hapa ninakusihi usiahidi kwa aibu. Robo ya kodi kila mwezi juu ya kodi ya kawaida, utakayoilipa bila kukosa, itamtuliza mwenye nyumba kuliko nusu utakayoianza kwa kishindo na kuishindwa mwezi wa pili. Kama una akiba kidogo, toa malipo ya kwanza siku hiyohiyo yaonyeshe nia, halafu awamu ndogo zifuate, hata kama zitavuka mwisho wa mkataba.

Mkikubaliana, yaandikeni. Karatasi hiyo itaje kiasi cha deni, awamu zake na tarehe zake, na iseme kwamba maadamu awamu zinalipwa, mwenye nyumba hataendelea na hatua ya kukuondoa kwa ajili ya deni hilo. Kuna sentensi moja ninayotaka uhakikishe imo, nayo ni hii: "Ninalipa nikiwa mmoja wa wapangaji wawili, bila kuacha haki yangu ya kumdai mpangaji mwenzangu sehemu yake." Usikubali kusaini mahali palipoandikwa kwamba deni ni lako binafsi. Kwa mwenye nyumba tofauti hiyo inaweza kuwa ndogo, lakini siku utakapokwenda kumdai mwenzako, yeye au wakili wake ataitafuta karatasi hiyo. Na kila unapolipa, andika fedha hizo ni za mwezi gani. Usipotaja, mpokeaji mara nyingi huwa na uhuru wa kuzihesabia deni la zamani kwanza, nawe ukajikuta umelipa kodi ya mwezi wa kumi lakini kwenye daftari lake mwezi huo bado ni mtupu.

Kuhusu tishio la kuhama, barua ya mwenye nyumba si amri ya mahakama, na katika nchi nyingi haruhusiwi kubadilisha kitasa au kutoa vitu vyako nje kwa mkono wake mwenyewe. Lijue hilo, lakini usilifanye mto wa kulalia.

Jambo lingine ambalo watu hulikimbilia ni kumwambia mwenye nyumba akate kwenye amana. Amana kwa kawaida huwekwa kwa ajili ya uharibifu na madeni yatakayoonekana mwishoni, na mwenye nyumba hana wajibu wa kuigusa katikati ya mkataba kwa sababu tu ninyi mmekwama. Ila nusu ya amana hiyo ni ya mwenzako, na hiyo ni fedha yake ambayo ipo, tena mahali panapojulikana. Mwombe akubali kwa maandishi, sasa na si baadaye, kwamba nyumba itakaporudishwa sehemu yake ya amana ulipwe wewe. Kama mwishoni hakuna kitakachokatwa kwa uharibifu, deni lake kwako litashuka kutoka miezi miwili na nusu hadi miwili bila yeye kutoa kitu mfukoni. Mtu aliyefilisika hukubali jambo kama hilo kwa urahisi zaidi kuliko kuahidi fedha asizokuwa nazo.

Miezi mitatu iliyobaki ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hata malimbikizo, kwa kuwa deni la zamani limesimama, na hili jipya linaanza kukua tarehe 1. Mwenzako kuondoka hakujamtoa kwenye mkataba. Nusu yake ya mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili bado inamhusu. Lakini wewe nawe huwezi kukaa na chumba kitupu ukihesabu tu kwamba utamdai, kwa sababu mahakama nyingi humuuliza mdai alifanya nini kupunguza hasara yake. Tafuta mtu wa kuingia chumba hicho. Ukimpata kuanzia mwezi wa kumi na moja, mwenzako atakuwa ameongezewa nusu ya mwezi mmoja badala ya kodi ya mwezi mmoja na nusu, na wewe utapumua. Mwombe mwenye nyumba aiweke nusu ya mwezi wa kumi ndani ya mpango wa awamu, maana huo ndio mwezi utakaokuwa peke yako.

Huyo mpya asiingie kwa makubaliano ya mlangoni. Pata ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kwa kuwa mikataba mingi inakataza kupangisha chumba kwa mtu wa tatu bila yeye kujua, na hutaki kumpa sababu ya pili ya kukutoa. Pata pia maneno ya mwenzako kwamba amekiachia chumba. Mweleze mgeni huyo wazi kwamba deni la nyuma halimhusu, na safari hii kila mmoja amlipe mwenye nyumba mwenyewe, hata kama mwenye nyumba atanung'unika kupokea miamala miwili. Sikulaumu kwa kumwamini rafiki yako, lakini kumfanya mtu mmoja awe bomba la fedha za wawili, kwa miezi minane, bila kuona risiti hata moja, hilo lilikuwa kosa lenu ninyi wawili.

Sasa runinga na kitanda. Usiuze. Ninajua ni kishawishi kikubwa kupita mbele ya chumba hicho kila asubuhi ukiviona vitu vyenye thamani ya angalau sehemu ya fedha zako, lakini kudai hakukufanyi uwe mmiliki. Ukiviuza bila ridhaa yake wala amri ya mahakama, kuna hatari ugeuke kutoka mdai kuwa mdaiwa, tena yeye ndiye atakayekuwa na ushahidi. Fanya hivi: ingia chumbani na shahidi mmoja, andikeni orodha ya kila kilichomo, pigeni picha, mtie saini. Kisha mwandikie mwenzako, mpe muda wa kutosha wa kuja kuchukua vitu vyake, na umweleze kwamba chumba kinahitajika. Katika ujumbe huohuo unaweza kumuuliza kama angependa runinga na kitanda viuzwe na fedha zake zipunguze deni. Akijibu kwamba anakubali na bei mkaitaja, hapo uza kwa amani, umtumie risiti. Akikaa kimya hadi muda uishe, usichukue kimya chake kuwa ruhusa. Uliza kwanza sheria ya mahali ulipo inasemaje juu ya vitu vilivyoachwa.

Nije kwenye ule ujumbe wako wa "Usijali, tutaona." Sidhani kama kuna hakimu atakayeusoma kama msamaha wa deni, kwa kuwa kusamehe deni kunataka maneno ya wazi kuliko hayo. Lakini ndio ujumbe wako wa mwisho kwake, na si vizuri ukabaki kuwa wa mwisho. Mwandikie mwingine leo, usio na hasira wala mafumbo, kwa maneno yanayofanana na haya: "Ndugu yangu, nimepata barua ya madai kutoka kwa mwenye nyumba. Nusu yako ya mwezi wa sita, wa saba, wa nane na wa tisa haijalipwa, na nusu yangu niliyokutumia mwezi wa nane haikumfikia. Jumla ni kodi ya miezi miwili na nusu. Ninalazimika kuanza kuilipa, lakini ni deni lako kwangu. Najua huna kazi kwa sasa. Naomba unijibu mambo mawili: kwamba hesabu hii ni sahihi, na kiasi gani unaweza kuanza kukitoa kila mwezi, hata kiwe kidogo." Usiongeze kitu. Unachokitafuta hapo ni jibu lake la maandishi kwamba hesabu ni sahihi, kwa sababu mtu akishakiri deni kwa maandishi, huwa hana tena nafasi kubwa ya kulikana, na katika sheria za nchi nyingi muda wa kufungua madai huanza kuhesabiwa upya tangu siku aliyokiri.

Mama yake mheshimu, lakini usimdai. Isipokuwa kama jina lake liko kwenye mkataba kama mdhamini, hadaiwi na mtu yeyote, na ukianza kumpigia kila wiki utakuwa umehamisha deni la mtu mzima kwenye mabega ya mzazi. Unaweza kumwambia kwa adabu, "Mama, sina nia ya kumfikisha mbali, nataka tu anijibu ujumbe wangu." Huenda hiyo ikafungua mlango ambao simu zako kumi hazitaufungua. Usipeleke jambo hili kwenye makundi ya marafiki mliosoma pamoja. Watakupa pole, watamsema vibaya, na yeye atakuwa na sababu nzuri ya kutokujibu tena.

Uliniuliza kama ni uungwana kumpeleka mahakamani. Mwanangu, yeye hakukukosea alipoishiwa fedha. Alikukosea kila asubuhi alipovaa na kutoka ili usijue. Angekuambia mwezi wa sita, mngemtafuta mtu wa tatu au mngehama pamoja, na leo deni lingekuwa nusu ya mwezi. Kwa hiyo kufungua madai si kukosa uungwana. Swali langu ni kama kutakufaa kwa sasa. Nchi nyingi zina utaratibu wa madai madogo ambao mtu huingia bila wakili na kwa ada nafuu, na kwa ushahidi ulionao naona una nafasi nzuri ya kushinda. Lakini hukumu ni karatasi; inamkamata mwenye mshahara au mali, na yeye leo hana mshahara na mali yake ni kitanda na runinga. Ningekuwa wewe, ningempa nafasi ya kukiri na kupanga malipo, hata kama ni kiasi cha kuchekesha. Ningeuliza muda wa mwisho wa kufungua madai ni lini kwa sheria ya kwenu, niuandike kwenye kalenda, na ningefungua bila kusita iwapo hatajibu ujumbe ule ndani ya mwezi mmoja, au iwapo atapata kazi na kujifanya amesahau. Ikifika hapo, dai kile ulichokwisha kumlipa mwenye nyumba zaidi ya sehemu yako, pamoja na ile nusu ya mwezi wa nane, kwa kuwa sehemu ambayo bado hujailipa inaweza kukataliwa kwamba haijawa hasara yako.

Na hizo funguo alizoziacha mezani, usimpe huyo mpangaji mpya kabla ya kufanya jambo moja. Zitie kwenye bahasha pamoja na ile orodha ya vitu, uandike juu yake tarehe uliyozikuta. Mwenye nyumba au mwenzako anaweza siku moja kukuuliza chumba kilibaki kitupu tangu lini, na jibu lako litakuwa kwenye bahasha hiyo.